Wadogo zangu wa labu mnaopima kalsiamu kwenye seli za moyo wa panya, hiyo seli imetoka upande gani wa kovu la moyo?

Jana nimekuta tena tyubu imeandikwa "MI" (yaani mshtuko wa moyo) basi, hakuna kingine, nikasema hapana, leo naandika.

1. Andikeni seli imetoka wapi! Panya akishafungwa mshipa wa moyo, mkikaa wiki kadhaa moyo wake una kovu, una ukanda unaopakana na kovu, na una sehemu ya mbali inayobeba mzigo uliobaki, na kalsiamu haiendi sawa huko kote. Mimi nilikuwa nachukua ventrikali yote ya kushoto natia kwenye kolajenesi, kimeng'enya cha kutenganisha seli, kwa pamoja, nikapima miezi na miezi, wastani ukatoka karibu sawa na panya wenye afya, nikasimama mkutanoni nikatangaza kalsiamu haijabadilika. Msimamizi akauliza kitu kimoja tu, za pembeni ya kovu ni zipi hapa? Sikuwa na jibu, na hakuna namna ya kuzitenganisha tena, wanyama wale wamekufa na data haifai, hiyo iliniuma sana na bado inaniuma. Nilipoanza kuzitenga ndo nikaona: kwa seli jirani wa kovu mirija-T, ile mirija midogo inayopeleka umeme ndani ya seli, imevurugika, ukipiga laini-skani (hadubini inayosoma mstari mmoja wa seli tena na tena) unaona kalsiamu inawaka hapa, pale inachelewa, wakati seli yenye afya inawaka yote kwa mpigo.

2. Kalsiamu ikishuka polepole baada ya pigo msikimbilie kusema ni SERCA, ile pampu inayoirudisha kwenye stoo ya ndani ya seli. Kwa panya SERCA inarudisha zaidi ya 90% ya kalsiamu na NCX, inayoitoa nje ya seli kwa kubadilishana na sodiamu, kama 7%, kwa sungura ni kama 70 kwa 28, kwa hiyo taja mnyama, taja joto la bafu, na piga kafeini milimola 10, inayomwaga stoo yote, ujue ina kiasi gani. Jaribio la tiba la CUPID 2 liliwapa wagonjwa 250 wa moyo kushindwa kufanya kazi jeni la SERCA2a (SERCA ya moyo) au plasebo, majibu ya 2015 hayakuonyesha faida, na wale walikuwa watu makini kuliko sisi.

3. Mkishatenganisha seli kwenye maji yasiyo na kalsiamu, kalsiamu irudisheni kidogokidogo. Ukimwaga milimola 1.8 kwa mkupuo seli zinajikunja duara zote, siku imeisha, nenda kale.

4. Mkizima umeme unaopigisha seli msizime rekodi, nawaomba. RyR2 zinazovuja, yaani milango ya stoo ya kalsiamu, zinajionyesha hapo, wimbi la kalsiamu linaanzia kona moja linatembea seli nzima bila kuamriwa, NCX inatoa kalsiamu 1 inaingiza sodiamu 3, umeme wa seli unapanda, na mapigo ya ovyo yanayoua wagonjwa baada ya mshtuko wa moyo mengine yanaanzia hapohapo. Acheni irekodi angalau sekunde 30.