Re: Dogo kamaliza PCM (fizikia, kemia na hesabu, kidato cha sita), asome digrii kwanza ndipo awe rubani?

Mkuu, hapana. Leseni haiulizi digrii. Kwa viwango vya kimataifa, leseni ya rubani wa biashara inataka umri wa miaka 18, mitihani ya nadharia, cheti cha afya daraja la kwanza na saa 200 hivi za kuruka (150 ukisoma kozi iliyoidhinishwa). Leseni ya juu, ya kuwa kapteni wa ndege kubwa za abiria, ni saa 1,500 na miaka 21. Na Kiingereza kipimwe, angalau ngazi ya 4.

Hizo hadithi za digrii ya miaka minne nyingi zinatoka Marekani. Huko ni mashirika yenyewe yaliyokuwa yakiitaka, sio sheria, na hata shirika la ndege la Delta waliifuta kama sharti mwaka 2022. Digrii ya urubani huko inakupunguzia saa tu, kutoka 1,500 hadi 1,000.

Ila kabla hujauza kiwanja, mpeleke kwa daktari aliyeidhinishwa na TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga Tanzania. Mimi nipo Kisongo, karibu na uwanja wa ndege wa Arusha, na nimeona kijana wa jirani analipiwa ada halafu macho yanamkwamisha. Inauma.

Fizikia na hesabu za PCM zitamfaa kwenye nadharia. Shida ni kuzipata zile saa za kufikia 1,500 baada ya leseni ya kwanza. Wengi huzihesabia kwenye Caravan, vindege vidogo vya watalii, Arusha hadi Seronera kule Serengeti na kurudi. Digrii akiitaka baadaye, asome kwa masafa. Mfuko wako ukoje lakini?