Ukimaliza Kula, Usikimbilie Chumbani

Watu wakisikia nimesoma Kihispania Salamanca, mji wa Hispania, huuliza chuo na walimu. Walimu walikuwa wazuri. Lakini Kihispania ninachokiongea leo nilikipata zaidi mezani, kwa mama mmoja mjane wa miaka sabini na kitu. Nilipofanya DELE, mtihani wa Kihispania kwa wageni unaotolewa na Instituto Cervantes, taasisi ya Hispania ya kueneza lugha hiyo, kwa kiwango cha B2 (cha kati-juu), sehemu ya kuongea ndiyo iliyonibeba, na ya kuongea nilifundishwa na yeye. Kwa hiyo kama unajiandaa kwenda na umeambiwa utakaa na familia, acha nikueleze ya mezani.

Sikuanzia kwake. Nyumba ya kwanza niliyopangiwa ilikuwa na watoto wawili wa shule, na wazazi walitaka sana watoto wajue Kiingereza. Kila nikijaribu sentensi ya Kihispania, najibiwa kwa Kiingereza. Walikuwa watu wema, na kwa sababu ya wema wao nilinyamaza wiki tatu nzima. Hizo wiki tatu bado zinaniuma, maana kozi yenyewe ilikuwa ya miezi minne tu. Hatimaye nilikwenda kwa mratibu wa makazi, nikahamishwa ndani ya siku nne, wala hakuna aliyekasirika. Kubadilisha familia ni jambo la kawaida kwao. Kabla hujaondoka nyumbani, uliza kwa barua pepe: mezani wanaongea lugha gani, kuna wanafunzi wengine wa kigeni ndani, na unalipia milo yote (pensión completa) au miwili tu (media pensión)? Chukua milo yote ukiweza, hata kama itabidi ubane pesa kwingine.

Nyumba ya pili ndiyo ya yule mama. Salamanca iko juu, kama mita 800 kutoka usawa wa bahari, na mimi ni mtu wa Tanga. Ilipofika Novemba nilikuwa nalala na soksi mbili. Sebuleni kulikuwa na meza ya duara wanayoiita mesa camilla, imefunikwa kitambaa kizito mpaka sakafuni, na chini yake kuna brasero. Zamani brasero lilikuwa sinia la makaa. Siku hizi ni hita ya umeme. Unakaa, unavuta kile kitambaa hadi mapajani, na miguu inapata moto taratibu huku mgongo ukibaki na baridi. Ukiinuka, umeliacha joto.

Mwanzoni nilikuwa nainuka. Nakula, nasema gracias, nabeba sahani yangu hadi jikoni, naingia chumbani kukariri vitenzi. Nilidhani ndiyo heshima, kutomchosha mwenye nyumba. Siku ya tano au ya sita akaniuliza kwa sauti ya chini kama mapishi yake siyapendi. Nilishikwa na aibu. Wahispania wana neno zima kwa ule muda wa kukaa na kuzungumza baada ya chakula: sobremesa. Kuondoka mapema kunaweza kuonekana kama mgeni wa kwetu aliyekula akaaga akiwa bado na mkono mbichi.

Nikaanza kukaa. Chakula cha mchana ni saa nane na nusu, cha usiku saa tatu na nusu, na baada ya kila kimoja tulikaa saa nzima. Alinisimulia habari za marehemu mumewe, bei ya mafuta ya zeituni, jirani wa ghorofa ya tatu. Nusu ya maneno yalinipita. Usijali yakikupita, na usimkatize kwa kila neno. Shika moja, liulize, lirudie kesho yake mbele yake.

Sasa suala la chakula, hasa kwa Waislamu wenzangu. Mkoa wa Salamanca ndimo ulimo mji wa Guijuelo, unaosifika Hispania nzima kwa jamón, paja la nguruwe lililokaushwa. Nilimwambia mama mapema kwamba sili nyama ya nguruwe, carne de cerdo. Akaitikia kwa moyo wote. Kesho yake nikaletewa maharage mabichi yenye vipande vidogo vyekundu. Kwake yeye carne ni pande la nyama. Jamón ni jamón, kitu cha kutia ladha tu. Kwa hiyo usiseme cerdo pekee. Taja kimoja kimoja: jamón, chorizo (soseji nyekundu), tocino na panceta (nyama yenye mafuta mengi), morcilla (soseji ya damu), na manteca, yaani mafuta ya nguruwe, yanayotumika hata kwenye vile vibiskuti vya Krismasi vinavyoitwa mantecados. Uliza na mchuzi umechemshiwa nini. Andika yote kwenye fomu ya maombi ya makazi, kisha ukifika yarudie kwa mdomo, kwa upole. Yule mama alipoelewa, alinitengea sufuria yangu ndogo ya dengu. Badala ya chorizo alitia pimentón, ile pilipili nyekundu ya unga iliyokaushwa kwa moshi, ili nami nipate ladha ileile.

Kuhusu lugha yenyewe nina neno moja ninalolisisitiza kwa kila Mswahili: usipitie Kiingereza. Mimi nilipoteza muda mwingi nikitafsiri mara mbili. Kumbe tengo hambre ni "nina njaa", tengo sed ni "nina kiu", tengo veinte años ni "nina miaka ishirini", neno kwa neno. Irabu zao ni tano na zinasomeka kama zetu. Ile z ya Hispania ni th ya "thelathini" (Amerika ya Kusini huisoma s), j inakaribia kh ya "kheri", d katikati ya nada inalainika kama dh, na ñ ni ny yetu. Hata ser na estar, vitenzi viwili vya "kuwa" vinavyowatoa wanafunzi wengi jasho, vina pa kuanzia. Sisi hatusemi "mama ni jikoni". Tunasema mama ni mwalimu, mama yuko jikoni: es profesora, está en la cocina. Haimalizi kanuni zote, ila inakufungulia njia.

Kisha kuna maneno yaliyotoka Kiarabu kwenda pande zote mbili. Hasta ni ndugu wa "hata", fulano ni "fulani", alcalde, yaani meya, anatokana na kadhi. Usiku mmoja mama alisogeza kibakuli cha aceitunas nikasema, bila kufikiri, "zeituni". Akaacha kutafuna. Akalirudia, ze-i-tu-ni, akaniomba nimwandikie pembeni ya gazeti. Tangu hapo kila usiku alidai neno moja la Kiswahili, na mimi nikawa na sababu ya kumweleza maana yake kwa Kihispania.

Kilichonichukua muda kuliko sarufi ni adabu. Nilimwita usted, "wewe" ya heshima, maana kwetu mtu wa umri ule nampa shikamoo. Yeye akaniomba nimwite tú, "wewe" ya watu waliozoeana, na kwa siku kadhaa ulimi ulikataa. Tena pale mezani hawasemi "naomba unisogezee mkate". Wanasema pásame el pan, nipe mkate, na hakuna aliyevunjiwa heshima. Mimi niliendelea na por favor na gracias kila dakika mbili, mpaka akanishika mkono akasema hapa ni nyumbani, acha kushukuru.

Jambo ambalo hakulegeza kabisa ni miguu. Sisi huvua viatu mlangoni tukatembea peku. Yeye aliliona hilo kama ugonjwa unaojileta wenyewe. Beba malapa ya ndani yenye joto, au ununue siku ya kwanza. Mimi sikununua. Nilirudi kutoka darasani siku moja nikayakuta mbele ya mlango wa chumba changu, ya sufu, ya bluu, bado yana karatasi ya bei.