Out of Africa: mapenzi ni ya kweli, lakini usiyatafute kitabuni

Dada uliyeuliza kama filamu ya Out of Africa ni kisa cha kweli au ni mambo ya Hollywood tu: ni kweli, ila sehemu kubwa ya mapenzi yenyewe haikutoka kwenye kitabu chenye jina hilo.

Mara ya kwanza niliiona kwa binamu yangu Rongai, kwa DVD yenye mikwaruzo iliyokwama pale pale Robert Redford anapomwosha Meryl Streep nywele kando ya mto. Tukaifuta kwa kanga, ikakwama tena. Basi kwangu kwa miaka filamu hiyo ilikuwa povu kichwani.

Baadaye nikapata kitabu. Karen Blixen (ndiye Streep kwenye filamu), Mdenmaki aliyefika Mombasa Januari 1914 na kuolewa na Bror Blixen, alikichapisha 1937. Nikasoma nikingoja busu. Wapi! Denys Finch Hatton, mpenzi wake (ndiye Redford), yumo: anatua na ndege yake, anajipangia mito mbele ya moto asimuliwe hadithi. Lakini ni rafiki, basi. Mume anapitiwa juu juu, na kaswende aliyoipata Karen katika ndoa ile haitajwi. Hayo, waliotengeneza filamu (ni ya 1985, ilizoa Oscar 7) waliyatoa kwa watu walioandika maisha yake baadaye.

Sasa mtu anayekuandikia sura nzima ya pongo aliyemwita Lulu, kisha akifika kwa mtu wake anasema "rafiki", huyo ana lake moyoni. Mimi ukimya huo unanigusa kuliko zile nywele.

Chumvi ipo. Redford ana nywele tele na anaongea Kimarekani chake; Denys alikuwa Mwingereza mwenye upara. Hiyo nasamehe. Nisichosamehe ni ile ajali ya ndege ya Voi, Mei 1931. Filamu inamlilia mmoja, na waliokufa walikuwa wawili: mtumishi wake Mkikuyu alikuwa naye ndani. Watu wetu humo ni kufungua milango na kubeba mizigo, ingawa Malick Bowens aliyecheza Farah, mtumishi wa Karen, anabeba kila onyesho alilomo bila kusema mengi.

Nikuambie pia nilipanda mpaka kaburini kwa Denys, Ngong, mimi na dada yangu. Matatu hadi Kiserian, kisha boda, kisha miguu na matope. Nguzo ya mawe, upepo, mbuzi wa jirani. Dada akauliza, "Ndiyo hii tu?" Nilikuwa na kitabu kwenye mkoba, nikamsomea pale Karen anaposimulia kwamba akiwa shambani kwake alishindwa kulitambua kaburi kwa mbali. Akanunua merikani, ile ile ya bibi zetu, yeye na Farah wakasimamisha miti mitatu nyuma ya kaburi na kuigongomea kitambaa. Tangu hapo akisimama kwake aliona doa jeupe kwenye kijani cha mlima.

Dada akanyamaza, akageuka kutazama upande wa mtaa wa Karen, mabati na magorofa siku hizi, akinyoosha kidole kubahatisha nyumba ya Karen Blixen ilipo.

Kwa hiyo anza na filamu, leso iwe karibu. Kisha fungua kitabu, utafute hiyo merikani.