Shangazi, mbona mawazo hayatulii?

Shikamoo Shangazi. Mimi ni mhasibu. Nikikosea tarakimu moja kazini, usiku silali, najiita mjinga hadi alfajiri. Nimejaribu kukaa kimya nikifuatilia pumzi, lakini mawazo yanakimbia. Nimeshindwa?

Marahaba, mwanangu. Hujashindwa hata kidogo. Mawazo hukimbia kwa kila mtu. Zoezi lenyewe ni pale unapogundua yameondoka, ukayarudisha kwenye pumzi, hata mara mia, bila kujigombeza.

Huko kujigombeza ndiko kunakonihuzunisha zaidi katika barua yako. Mwanasaikolojia Kristin Neff, katika maandishi yake ya mwaka 2003, alieleza kujihurumia kwa mambo matatu: kuyatambua maumivu bila kuyakuza, kukumbuka kwamba kukosea ni kwa binadamu wote, na kujitendea kwa upole. Wengi huogopa kwamba upole utawafanya wazembe. Mimi sikubaliani nao. Anayejiogopa hulificha kosa. Anayejihurumia hupata ujasiri wa kulitazama na kulirekebisha.

Basi tarakimu ikikusumbua usiku, weka kiganja kifuani, vuta pumzi taratibu, ujiambie ukweli: “Nimekosea, inauma, asubuhi nitasahihisha.” Mwenzako wa ofisini angekosea hivyo usingemwita mjinga, sivyo? Maneno ambayo ungempa yeye, jipe wewe.

Ila usingizi ukiendelea kupotea kwa wiki kadhaa, au ukijiona hutaki kuishi, usisubiri zoezi likusaidie. Muone daktari mara moja, na umwambie yote.