Nywele za mbele zimeisha kwa kusuka, zitarudi?

Swali: Dokta shikamoo. Nina miaka 31, nasuka rasta tangu nimemaliza form four, sasa pembeni mwa paji na juu ya masikio pamebaki kipara. Nimepaka mafuta ya nyonyo na maji ya kitunguu miezi minne, hamna kitu. Zitarudi kweli?

Jibu: Marahaba dada. Hiyo ni traksheni alopesia, yaani nywele zimevutwa mpaka shina limechoka, na kwa wasukaji naiona sana. Ukitoka saluni unameza Panadol, huwezi kulalia ubavu, asubuhi una vipele vyeupe kwenye mstari wa nywele, na msusi anakwambia vumilia italegea! Hapana, hivyo vipele ndo shina linalia. Na kama unaweka dawa ya kunyoosha nywele halafu unasukia juu yake ndo unaharibu mara mbili.

Kurudi kunategemea. Nenda dirishani mchana na kioo, angalia palipotoka. Ukiona vitundu vidogo na vinywele laini kama malaika basi mizizi ipo hai bado. Ila ngozi ikiwa imelainika inang'aa, kitundu hata kimoja hakuna, hapo shina limegeuka kovu na hata upake kitunguu gunia zima hazioti, labda kupandikiza, na hiyo bei yake ni nyingine kabisa.

Zikiwa hai, la kwanza ni kuacha kuvuta, sio kupunguza, kuacha: rasta, wivingi, wigi la gundi, hata kubana kwa nguvu, vyote pumzisha miezi sita hivi. Kuna na minoksidili, dawa ya kuotesha nywele, ya kupaka, ya asilimia 2 au 5, ilianza kama kidonge cha presha watu wakajikuta wanaota nywele hadi usoni. Wiki za mwanzo zinaweza kudondoka zaidi, usishtuke ukaacha, matokeo ni kuanzia miezi mitatu minne. Kama una mimba au unanyonyesha usiiguse.

Na angalia zilianzia wapi. Zikianzia utosini zikatanuka, au panawasha na kutoa usaha, huo ni ugonjwa mwingine, usipake chochote, nenda kliniki ya ngozi wakate kinyama kidogo wapime.