Kwa nini taka za shimoni zinanuka badala ya kuwa mboji?

SWALI: Mhariri, nyuma ya nyumba nimechimba shimo ninamotupa maganda ya viazi, mabua ya sukumawiki na mabaki ya ugali. Taka za Januari zilikuwa mboji nzuri, lakini zile nilizoanza kuweka Aprili, hadi sasa Julai, ni tope jeusi linalonuka kama mayai viza. Je, ni baridi inayozichelewesha?
Msomaji, Embakasi

JIBU: Baridi inachangia, ndugu msomaji, ila mkosaji mkuu si yeye. Ni kweli kwamba kila joto linaposhuka nyuzi 10 za Selsiasi, kasi ya bakteria na kuvu wanaoozesha mimea hupungua kwa takriban nusu. Lakini lundo lililopangwa vyema hujitengenezea joto lake lenyewe, likafika nyuzi 55 hadi 65 katikati, hata katika usiku wa Julai hapa Nairobi.

Kilichokuharibia kazi ni maji. Udongo mweusi wa Embakasi hufura unapolowa na nyufa zake huziba, kwa hiyo mvua za masika zilizoingia shimoni zilikosa pa kutokea. Oksijeni hupenya majini polepole mara maelfu kuliko hewani, na inapokosekana, bakteria wanaoitegemea huwapisha wengine wasioihitaji, ambao huozesha kwa uvivu, hawatoi joto la maana, na huzalisha methani pamoja na gesi ya salfa, ambayo ndiyo harufu unayolalamikia. Kamua konzi moja ya tope hilo: mboji inayokwenda sawa hutoa tone moja au mawili tu, haichuruziki.

Opoa taka zote, uzijenge juu ya ardhi penye matandiko ya vijiti, kimo na upana viwe kama mita moja, kwa kuwa lundo dogo hupoteza joto upesi. Changanya na majani makavu na mabua ya mahindi yaliyokatwakatwa, ukilenga sehemu 25 hadi 30 za kaboni, iliyojaa katika vitu vikavu kama hivyo, kwa moja ya nitrojeni, iliyo nyingi zaidi katika mabaki mabichi na samadi. Vumbi la mbao liwe kidogo mno, maana kaboni yake imepita kiasi na hushikamana likazuia hewa. Ugali, kwa maoni yangu, wape kuku; lundoni utawaalika panya. Geuza kila wiki, na mvua ikinyesha funika.

Siku chache baadaye, chomeka chuma katikati kwa dakika kadhaa. Kikitoka baridi ilhali lundo si chepechepe, ongeza samadi ya kuku.