Umechoka kila siku? Kapime damu kwanza, vitamini baadae

Ukisema tu kazini kwamba siku hizi unachoka lazima atokee mtu na kopo. Kila ofisi ina dada anaeuza hizi multivitamini za mtandao, kopo moja bei ya gunia la mkaa, na kwa maelezo yake linatibu kuanzia kukosa usingizi mpaka nguvu za kiume. Sasa mi sizipingi vitamini jamani, ila vitamini yenyewe haina nguvu ndani yake, nguvu mwili unatoa kwenye chakula, yaani ule ugali na maharage yako, vitamini kazi yake ni kusaidia mwili uutumie huo ugali. Kama hujapungukiwa, ukiongeza huoni tofauti yoyote. Ndo maana ukimeza B complex, yaani kidonge cha vitamini B mchanganyiko, asubuhi, baadae ukienda kukojoa mkojo unatoka njano kali mpaka unashtuka, hiyo ni B2 iliyozidi mwili unaitoa, hela yako inaenda na maji.

Kwahiyo la kujiuliza ni umepungukiwa nini. Mimi uchovu wangu ulikuwa ule wa kupanda ngazi ghorofa moja moyo unadunda, nikiinuka haraka kizunguzungu, alafu nikawa natamani kula udongo wakati mimba sina. Nikaenda kupima wingi wa damu, wanatoboa kidole tu, ikaja 9.4. Mwanamke asie na mimba anatakiwa awe na 12 kwenda juu, mjamzito 11, mwanaume 13. Daktari akaniuliza hedhi yangu ikoje, inatoka nyingi kiasi gani, akataka na choo nikapime minyoo maana minyoo ya safura inanyonya damu taratibu bila wewe kujua. Mwisho nikapewa vidonge vya madini ya chuma, wala sio vitamini, ni vile vile vya bei ya chini ambavyo wajawazito wanapewa kliniki, fefo, chuma na foliki asidi pamoja.

Kuvimeza nako kuna namna yake na hapa ndo wengi wanaharibu, mtu anameza kidonge na chai! Chai na kahawa zinazuia chuma kisiingie mwilini, maziwa nayo hivohivo, kwahiyo meza na maji au juisi ya chungwa maana vitamini C inasaidia chuma kuingia, chai yako isubiri kama masaa mawili hivi. Choo kitakuwa cheusi, usiogope, na unaweza ukafunga choo, kunywa maji na kula papai. Tumbo likisumbua sana meza baada ya kula. Alafu ukianza kujisikia vizuri usiache, mi niliambiwa niendelee kama miezi mitatu ili akiba ya mwili ijae. Na tafadhali viweke mbali na watoto, mtoto mdogo akimeza vingi vinaweza kumuua, sio utani.

Kuna watu vitamini B12 inawahusu kweli: wasiokula kabisa nyama, samaki, mayai wala maziwa, na wenye sukari waliotumia metformin miaka mingi, hiyo dawa inashusha B12. Mama mkwe wangu alikuwa analalamika uchovu na ganzi miguuni, sote tukasema ni sukari tu, kumbe sukari ilikuwa na mwenzake. Mgonjwa wako akiwa kwenye metformin muda mrefu muulize daktari kuhusu hilo.

Kingine ni kuchanganya makopo. Vitamini A, D, E na K zinakaa mwilini, haziishii kwenye mkojo kama hizo B, na A ikizidi inaumiza ini na kwa mjamzito inaweza kumdhuru mtoto tumboni. Unakuta mtu anameza multivitamini, anaongeza mafuta ya ini la samaki, na zote mbili zina A. Soma nyuma ya kopo.

Damu ikiwa iko sawa na bado umechoka, mwambie daktari aangalie sukari, malaria, HIV, na tezi ya shingo pia maana ikilegea inachosha sana na watu wengi hawaifikirii. Siku hiyo nenda na makopo yako yote kwenye mfuko, hata yale ya kupewa na dada wa ofisini, asome mwenyewe kilichoandikwa.